Bakteria wa Ukutani mwa Utumbo: Namna ya Kuwachunguza Bila Kuwahamisha

Tafiti nyingi za bakteria wa tumboni huanzia kwenye kinyesi na kuishia hapo hapo. Sababu zake zinaeleweka: kinyesi hupatikana bila kumwumiza mtu, na gramu moja tu hubeba mabilioni ya bakteria. Lakini kinyesi ni shehena iliyokuwa ikisafiri katikati ya utumbo. Bakteria waliojishikiza kwenye ute unaofunika ukuta ni kundi jingine. Wao ndio majirani wa karibu wa seli zetu, na kinyesi huwataja kwa mbali tu.

Tofauti hiyo ina chanzo. Ukuta wa utumbo hulishwa na damu, na oksijeni kidogo huvuja kutoka ukutani kuelekea ndani, ilhali katikati ya utumbo mpana karibu hakuna oksijeni kabisa. Kadiri unavyosogea ukutani ndivyo unavyokutana na bakteria wengi zaidi wanaostahimili oksijeni. Chakula nacho hubadilika. Katikati kuna nyuzinyuzi za vyakula tulivyokula. Ukingoni kuna ute wenyewe, uliojengwa kwa musini, protini iliyovikwa sukari nyingi. Na yote haya hutokea katika umbali mdogo mno. Kwenye utumbo mpana ute una matabaka mawili: la nje limelegea na lina bakteria, la ndani limeshikamana na kwa mwenye afya karibu halina bakteria. Kwa panya wa maabara tabaka hilo la ndani lina unene wa mikromita 50 hivi, na kwa binadamu linaweza kufika 200. Utumbo mwembamba una tabaka moja tu, tena lililolegea.

Kwa hiyo ukichunguza bakteria wa ukutani, mahali alipo bakteria ni sehemu ya jibu unalolitafuta. Ukiupoteza ute, au ukiukunja, hakuna mashine ya kusoma DNA itakayokurudishia mahali hapo. Hatua zote zifuatazo zimepangwa kulinda mambo mawili: nafasi ya bakteria, na uchache wao.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kugusa sampuli

Maswali ya msingi ni matatu. Ni bakteria gani waliopo ukutani? Wako umbali gani kutoka kwenye seli? Wanaishi kwa kula nini, na wanafanya nini? La kwanza hujibiwa kwa DNA, la pili kwa hadubini, la tatu kwa kuwaotesha wakiwa hai.

Tatizo ni kwamba kila swali lina namna yake ya kuhifadhi sampuli, na namna moja huiharibu nyingine. Dawa inayouhifadhi ute kwa ajili ya hadubini huua kila bakteria. Kugandisha hulinda DNA lakini chembe za barafu hupasua ute. Kwa hiyo kama unataka majibu matatu, panga vipande vitatu tangu mwanzo, kila kimoja na chupa yake iliyoandikwa jina mapema. Nimeona mipango mizuri ikianguka hapa, kwa sababu mtu alikuwa na kipande kimoja na akataka kukifanyia kila kitu.

Hatua ya 2: Vibali na usalama

Kwa binadamu unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti na ridhaa ya maandishi ya kila mshiriki, inayosema wazi kwamba DNA yake mwenyewe itasomwa pamoja na ya bakteria. Kwa wanyama kuna kamati yake. Maabara iwe ya usalama wa kibiolojia wa kiwango cha 2. Klorofomu na formamidi zishughulikiwe ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa na glavu.

Hatua ya 3: Chukua sampuli, na uandike kila kitu kilichoigusa

Kwa binadamu, sampuli ya ukuta hupatikana wakati wa uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera, ambapo daktari hunyofoa kipande kidogo, yaani bayopsi ya miligramu chache. Kabla ya hapo mgonjwa hunywa dawa ya kuusafisha utumbo. Dawa hiyo husomba sehemu ya ute wa nje na bakteria wake, kwa hiyo unachokiona ni utumbo uliokwisha kuoshwa. Huwezi kuliepuka hilo kwa wagonjwa wengi, ila unaweza kuhakikisha kwamba makundi yote unayoyalinganisha yamepewa dawa ileile kwa kipimo kilekile. Kulinganisha wagonjwa waliosafishwa utumbo na watu wenye afya ambao hawakusafishwa ni kulinganisha dawa ya kusafishia.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Kifaa cha kunyofolea hupita ndani ya mrija wa kamera, na mrija huo tayari umefyonza majimaji ya utumbo. Kipande hutoka kikiwa kimepakwa bakteria wa katikati. Ukiweza, tumia brashi yenye ala, ambayo hufunuliwa ikishafika na kufunikwa kabla ya kutolewa. Usipoweza, chukua pia majimaji yaliyofyonzwa na uyasome kama sampuli nyingine, ili ujue uchafuzi wa aina hiyo unafananaje.

Kuhusu kuosha bayopsi, watu hubishana sana. Ukiisuuza kwa upole ndani ya maji ya chumvi yaliyotakaswa, unaondoa wapita njia na kubaki na walioshika; pia unapoteza sehemu ya ute wa nje. Kwa sampuli ya DNA mimi huona kusuuza mara moja, kwa muda uleule kwa kila kipande, kunafaa. Kwa sampuli ya hadubini, usisuuze kamwe.

Andika sehemu ya utumbo ilikotoka sampuli, umri wa mgonjwa, dawa anazotumia, na lini mara ya mwisho alitumia antibiotiki. Watafiti wengi huwaacha nje waliozitumia ndani ya miezi 3 iliyopita. Usisahau dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kwani nazo hubadilisha bakteria. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya vipande vingi kutoka kwa watu wachache na vipande vichache kutoka kwa watu wengi, chagua watu wengi. Ndani ya utumbo mpana wa mtu mmoja, bakteria wa ukutani hufanana kwa kiasi kikubwa toka sehemu hadi sehemu. Tofauti kubwa iko kati ya mtu na mtu.

Kwa panya wa maabara kuna mtego wake. Panya hula vinyesi vya wenzao, kwa hiyo walio kwenye kizimba kimoja hushirikiana bakteria. Panya watano wa kizimba kimoja ni karibu sawa na kipimo kimoja. Gawa kila kundi katika vizimba vingi na uhesabu kizimba kwenye takwimu. Andika pia chakula chao: panya walionyimwa nyuzinyuzi hupata bakteria wanaogeukia kuula ute, na tabaka lake hupungua.

Hatua ya 4: Hifadhi ute bila maji

Hapa ndipo kazi nyingi za hadubini huokoka au hufa. Formalini ya kawaida ya hospitali ni ya majimaji, na ute ukikutana nayo husinyaa na kuporomoka juu ya seli. Ukitazama baadaye utaona bakteria wamelala moja kwa moja kwenye ukuta, na utaandika kwamba wamevamia, kumbe kilichowashusha ni formalini yako.

Dawa sahihi ni mchanganyiko wa Carnoy: ethanoli isiyo na maji asilimia 60, klorofomu asilimia 30, na asidi ya asetiki isiyo na maji asilimia 10. Wengine huweka methanoli badala ya ethanoli, na hiyo nayo hufanya kazi vizuri. Changanya siku ile ile ya kazi, ndani ya chupa ya glasi, kwa kuwa klorofomu huyeyusha baadhi ya plastiki.

Kwa panya, chukua kipande cha utumbo mpana kikiwa na kinyesi ndani yake. Usikikamue, usikipasue, usipitishe maji. Kinyesi ndicho kinachoushikilia ute mahali pake, na bila hicho huna cha kupimia umbali. Tumbukiza kipande kizima kwenye dawa kwa angalau saa 3. Kinaweza kukaa humo hadi wiki 2.

Kisha fuata mpangilio huu:

1. Methanoli isiyo na maji, mara mbili, dakika 30 kila mara.
2. Ethanoli isiyo na maji, mara mbili, dakika 20 kila mara.
3. Zailini, mara mbili, dakika 15 kila mara.
4. Nta ya parafini iliyoyeyuka, kisha tengeneza kitalu cha nta chenye kipande ndani yake na ukiache kigande.

Kata vipande vyembamba vya mikromita 4 au 5, vikatwe kukingama utumbo ili uone duara zima: ukuta, ute na kinyesi. Mafundi wengi wa maabara wamezoea kuvifanya vipande vielee juu ya maji ya uvuguvugu kabla ya kuviweka kwenye slaidi. Zungumza nao mapema. Muda wa kukaa majini uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Kaa karibu na fundi siku ya kwanza. Yeye anafahamu mikono yake, wewe unafahamu unachokihofia, na mazungumzo ya dakika kumi yanaokoa vitalu vya mwaka mzima.

Hatua ya 5: Waone kwa hadubini

Njia iliyozoeleka hutumia probi, yaani kipande kifupi cha DNA kilichofungwa rangi ing'aayo, ambacho hushikana na RNA ya ribosomu za bakteria. Probi ya EUB338 hushika karibu bakteria wote. Mfuatano wake ni GCTGCCTCCCGTAGGAGT. Zipo nyingine za makundi mahususi, lakini anza na hii.

Pasha slaidi moto wa nyuzi 60 kwa dakika 10, ondoa nta kwa zailini, pitisha kwenye ethanoli, kisha uache ikauke. Weka probi ndani ya kimiminika chenye chumvi ya mola 0.9, Tris ya pH 7.4, SDS (sabuni ya maabara) kidogo na formamidi asilimia 5. Acha usiku kucha kwenye nyuzi 50, ndani ya kisanduku chenye unyevu. Slaidi ikikauka usiku, itupe. Itang'aa kote na kukudanganya. Asubuhi osha kwa kimiminika cha joto lile lile kwa dakika 20, kisha paka kingamwili ya kutambua MUC2, ambayo ndiyo musini kuu ya utumbo mpana, na rangi ya DNA kwa ajili ya viini vya seli.

Kila slaidi iwe na mwenzake aliyepakwa probi isiyo na maana, ile iliyo kinyume cha EUB338. Mabaki ya mimea kwenye kinyesi hung'aa yenyewe, na baadhi ya chembe nyeupe za damu pia, hasa kwenye rangi ya kijani. Kinachong'aa kwenye slaidi zote mbili hakijathibitika kuwa bakteria. Probi ya rangi nyekundu hupunguza tatizo hili.

Unapopima umbali kati ya seli na bakteria wa kwanza, pima sehemu nyingi za duara, na mpimaji asijue slaidi ni ya kundi gani. Takwimu zihesabu mnyama au mtu, zisihesabu picha. Picha 40 za panya wawili bado ni panya wawili.

Kuwatazama bakteria mahali walipo kuna historia ndefu ya kutushangaza. Mwaka 1968 Dwayne Savage, René Dubos na Russell Schaedler walitazama tumbo na utumbo wa panya, vilivyogandishwa na kukatwa vipande, wakaonyesha kwamba kila sehemu ina bakteria wake walioshika ukuta. Kundi la Göteborg nchini Sweden lilipouhifadhi ute bila maji, mwaka 2008, ndipo ikaonekana wazi kwamba tabaka la ndani la utumbo mpana wa panya halina bakteria. Wote walikuwa wakilinda kitu kile kile: mahali.

Hatua ya 6: Soma DNA, na umwogope mwenyeji

Bayopsi ni nyama, na nyama hiyo ni ya mtu. Mara nyingi zaidi ya asilimia 90 ya DNA utakayoitoa ni ya mwenyeji, yaani mtu au mnyama anayewabeba bakteria. Ndiyo maana kusoma DNA yote kwa jumla, njia inayofaa sana kwa kinyesi, hapa hula fedha na kukurudishia jenomu ya binadamu. Wengi huanza na jeni ya 16S rRNA, yenye urefu wa jozi 1,500 hivi na maeneo tisa yanayotofautiana kati ya bakteria, yaitwayo V1 hadi V9.

Vunja sampuli kwa kuitikisa na shanga ndogo za zirkonia za milimita 0.1. Bakteria wa Gram chanya wana kuta ngumu, na ukitegemea vimeng'enya peke yake utawakosa, kisha utaandika kwamba hawapo.

Uchaguzi wa eneo la jeni una uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Eneo la V4 ndilo maarufu kwa kinyesi, lakini kwenye bayopsi praima zake, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, hushika pia DNA ya mitokondria ya binadamu, maana mitokondria zimetokana na bakteria na jeni zao zinafanana. Matokeo yake ni mifuatano mingi ya binadamu, mingine ikijificha chini ya jina la bakteria wasiotambulika. Kwa bayopsi, V1 hadi V2 hufanya vizuri zaidi. Ukitumia praima ya 27F, hakikisha ni toleo lenye herufi mchanganyiko, ambapo baadhi ya nafasi hukubali herufi zaidi ya moja, kwa sababu toleo la kawaida huwakosa Bifidobacterium. Vyovyote utakavyochagua, linganisha mifuatano yako na jenomu ya binadamu kabla ya kuchambua chochote.

Halafu kuna uchafuzi. Sampuli yenye bakteria wachache huonyesha hata bakteria waliokuwemo kwenye vitendanishi, yaani kemikali za maabara. Ralstonia, Bradyrhizobium na Sphingomonas, ambao makazi yao ni maji na udongo, wakitokea kwenye bayopsi washuku kwanza. Weka vidhibiti tupu katika kila hatua: chupa iliyofunguliwa chumba cha uchunguzi bila sampuli, utoaji wa DNA bila nyama, PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) bila DNA. Visome vyote kwenye mashine pamoja na sampuli, hata kama havionyeshi kitu kwenye jeli. Ongeza mchanganyiko wa bakteria unaowajua, ili upime kama njia yako inawarudisha kwa uwiano sahihi. Na usitoe DNA ya wagonjwa siku moja na ya wenye afya siku nyingine. Changanya mpangilio wao.

Mwisho, pima wingi. Kusoma mfuatano hutoa uwiano peke yake. Tuseme bakteria fulani ni asilimia 10 ya bakteria wote wa watu wa kundi la kwanza na asilimia 20 kwa kundi la pili. Inawezekana ameongezeka maradufu. Inawezekana pia yeye hakubadilika na wenzake wamepungua zaidi ya nusu. Kipimo cha PCR ya wingi, kinachohesabu nakala za 16S kwa kila nakala ya jeni ya mwenyeji, hukutoa kwenye utata huo kwa gharama ndogo. Kumbuka tu kwamba bakteria mmoja anaweza kuwa na nakala moja ya 16S na mwingine zaidi ya 10.

Hatua ya 7: Waoteshe

Jina la bakteria kwenye orodha halikuambii anachokula. Kwa hilo unamhitaji akiwa hai, na wengi wao hawavumilii oksijeni. Tangu Robert Hungate alipobuni mirija yake ya kuoteshea bila hewa, katikati ya karne ya 20, kanuni haijabadilika: oksijeni iondolewe kabla bakteria hawajafika. Weka vyakula vya kuoteshea ndani ya kabati lisilo na oksijeni, lenye nitrojeni asilimia 85, kaboni dioksidi 10 na hidrojeni 5, siku moja kabla. Tia sisteini, inayoondoa mabaki ya oksijeni, na resazurini kama kiashiria. Ikiwa ya waridi, oksijeni bado imo. Bayopsi iingie kwenye kimiminika kisicho na oksijeni ikiwa bado chumba cha uchunguzi.

Lakini ukutani kuna oksijeni kidogo, kwa hiyo kila sampuli iwe pia na seti yenye oksijeni asilimia 5. Ukiotesha bila hewa peke yake, unawakosa wale hasa uliowafuata.

Chakula kiwe na musini, kwa kawaida ya tumbo la nguruwe, kati ya asilimia 0.25 na 0.5. Mwaka 2004 huko Wageningen, Uholanzi, Muriel Derrien na Willem de Vos na wenzao walitangaza Akkermansia muciniphila baada ya kuotesha bakteria kwenye chakula ambacho musini ilikuwa chanzo pekee cha kaboni na nitrojeni. Sampuli yao ilikuwa kinyesi. Ute uliobanduka hutoka na baadhi ya wakazi wake, na ukimpa kila mmoja chakula chake utampata hata huko.

Kisha subiri. Acha sahani nyuzi 37 kwa siku 5 hadi 7. Barry Marshall na Robin Warren, huko Perth nchini Australia, walikuwa wakitupa sahani zao za ute wa tumbo baada ya siku 2, bila mafanikio. Pasaka ya 1982 sahani ziliachwa zikae siku kadhaa zaidi kwa sababu ya sikukuu, na Helicobacter pylori akaota. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobeli. Baadhi ya bakteria wa ukutani hukua polepole.

Kila aina uliyoitenga ihifadhiwe kwenye gliseroli ya asilimia 20, nyuzi 80 chini ya sifuri, na itambuliwe kwa jeni nzima ya 16S.

Hatua ya 8: Soma matokeo pamoja

Kwa mifuatano, programu za DADA2 na QIIME 2 pamoja na hifadhidata ya SILVA vinatosha, na kuna mafunzo mengi ya bure. Programu ya decontam husaidia kuwatenga bakteria wa vitendanishi, mradi umesoma vidhibiti tupu au umepima kiasi cha DNA.

Kisha weka majibu ya hatua tatu upande kwa upande. DNA ikisema kundi fulani limeongezeka ukutani, rudi kwenye vitalu vya Carnoy ulivyohifadhi, tengeneza probi ya kundi hilo, na utazame liko wapi: ndani ya kinyesi, kwenye ute wa nje, au limegusa seli. Bakteria wenye umbo la nyuzi wanaoshika mwisho wa utumbo mwembamba wa panya huamsha kundi mahususi la seli za kinga, na kushika huko ndiko kunakoleta tofauti. Kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa utumbo, kukuta bakteria karibu na seli hakukuambii kama wao ndio walioanzisha uvimbe, au ute ulipungua kwanza wakapata njia. Ili ujue, unahitaji bakteria uliowaotesha, na panya waliolelewa bila bakteria wowote, wapewe aina moja moja.

Unapoandika ripoti, taja dawa ya kuhifadhia na muda wake, kama sampuli ilisuuzwa au la, mgonjwa alisafishwa utumbo kwa dawa gani, eneo la jeni na praima, na bakteria wote walioonekana kwenye vidhibiti tupu. Mifuatano ghafi iende kwenye hifadhi ya wazi ikiwa imeondolewa DNA ya binadamu, kwa kuwa ile DNA inaweza kumtambulisha mshiriki. Picha ziwekwe zikiwa nzima, pamoja na zile za probi isiyo na maana.